Lantana imerudi mara ya tatu juu ya chanzo chetu cha maji: tunakosea wapi?

Mkazi wa Bonde la Zigi anauliza:

Habari zenu wanajukwaa, na kwa wakubwa wote shikamooni.

Ninaandika kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako mashamba yetu ya iliki, mdalasini na migomba yanapakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kijiji kina msitu wake mdogo, uliotengwa na mkutano mkuu wa kijiji ili kulinda chanzo cha kijito kinachoteremkia Mto Zigi, mto ambao ndio unaojaza bwawa la Mabayani na kulipatia maji Jiji la Tanga. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wa kujitolea, wake kwa waume, ambacho kwa miaka mitatu sasa kimekuwa kikifanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ili kuondoa mimea vamizi katika msitu huo. Hatulipwi wala hatuna mfadhili. Kila mmoja huja na panga au jembe lake, na chai na mihogo ya kuchemsha tunachangiana.

Tatizo letu ni hili. Juu ya chanzo kuna kipande cha mteremko, karibu ekari mbili, ambacho zamani kililimwa iliki kisha kikaachwa, na sasa kimefunikwa na lantana, ile yenye vimiiba shinani na maua yanayoanza na manjano kisha kugeuka rangi ya chungwa na waridi. Tumekifyeka mara tatu. Kila tukirudi baada ya masika tunakuta kichaka kinene kuliko kile tulichokifyeka, na mwezi uliopita nilipiga magoti mbele ya kisiki kimoja ambacho nakumbuka nilikikata kwa mkono wangu mwenyewe, kinene kama kifundo cha mguu, nikahesabu machipukizi 14 yaliyozunguka mahali panga lilipopita. Chini zaidi, kwenye unyevu na kivuli karibu na maji, kuna kichaka kingine ambacho majani yake yana manyoya na mishipa mitano inayotoka kwenye kikonyo na kukutana nchani, na matunda yake ya bluu iliyokolea huliwa na watoto wanapotoka shuleni mpaka ndimi zao zinageuka rangi. Mtaalamu aliyewahi kupita hapa alituambia kinaitwa klidemia, na kwamba nacho ni mgeni katika milima hii.

Jambo la tatu limetugawa. Ndani ya msitu wetu kuna mihesi mingi, mikubwa na midogo, na baadhi ya wazee, baada ya kusikia kwamba nao ni mti uliopandwa kutoka mbali ukasambaa wenyewe, wanataka tuikate yote msimu huu. Wengine wanasema kwamba kivuli cha mihesi ndicho kinachokifanya kijito kisikauke, na kwamba tukiikata tutakuwa tumeharibu kile tulichokusudia kukilinda.

Tulipoanza tulikuwa watu 41. Jumamosi iliyopita walikuja 17, na mama mmoja ambaye hajawahi kukosa hata siku moja aliniuliza, bila hasira yoyote, kama ninaamini kwamba kazi hii ina mwisho. Sikuwa na jibu la kumpa. Ninawaomba wenye uzoefu mnieleze tunakosea wapi, tufanye nini kuhusu mihesi, na tuwezeje kuwaweka watu pamoja katika kazi ambayo matunda yake hayaonekani haraka.

Bibi Misitu Mstaafu:

Marahaba, katibu. Nilifanya kazi ya misitu kwa zaidi ya miaka 30, sehemu yake katika milima hiyo hiyo, na swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu kosa unalolieleza tulilifanya hata sisi tuliosomea.

Kufyeka lantana ni kuipogoa. Ninyi mnaoishi jirani na mashamba ya chai mnajua kwamba mchai hukatwa kwa makusudi ili utoe machipukizi mengi zaidi, na lantana nayo ina tabia hiyo hiyo, ila yenyewe hakuna anayeichuma. Sehemu inayochipua ni shingo iliyo kati ya shina na mzizi mkuu, juu kidogo na chini kidogo ya uso wa ardhi, kwa hiyo panga linalopita kimo cha kifundo cha mguu huiacha shingo hiyo ikiwa salama na yenye nguvu zote za mizizi. Kateni matawi kwanza, muache kipande cha shina cha kushikia. Fukueni udongo kukizunguka kwa jembe au sururu mpaka mzizi mkuu uonekane. Ukateni chini ya shingo, si juu yake. Kisha inueni kisiki kizima na kukipindua, mizizi ikitazama juu, na kukiweka juu ya jiwe au juu ya matawi makavu, kwa maana lantana iliyolala kwenye udongo wenye unyevu inaweza kushika mizizi upya. Kazi hii ni ya polepole sana ukiilinganisha na kufyeka, na siku ya kwanza watu watakuambia kwamba hawajafanya kitu.

Chagueni siku ambazo udongo umelowa vizuri lakini haujawa tope, na kwa kadiri mnavyoweza fanyeni kabla matunda hayajaiva, kwa kuwa ndege huyapenda na kila ndege anayeondoka hapo anaondoka na mbegu. Moto msiutumie hata kama mtu atawaambia kwamba ni wa kudhibitiwa: lantana huchipua baada ya kuungua, lakini miche ya miti ya asili, kama msambu na mnyasa, iliyokuwa ikijikongoja chini yake haichipui. Dawa za kuua magugu nisingezitaka kabisa juu ya chanzo cha maji ya kunywa, na ieleweke kwamba hata mahali zinaporuhusiwa ni lazima ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na zitumiwe na mtu aliyefundishwa.

Sasa, mteremko. Ekari mbili zikiwekwa wazi kwa mara moja juu ya chanzo, masika ya Usambara yatazishusha zote kwenye kijito. Gaweni eneo katika mikanda myembamba inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa kimo kile kile, upana wa hatua tano au sita, mng'oe mkanda mmoja na kuuacha unaofuata ukiwa bado umesimama, huku matawi mliyoyakata mkiyapanga kwa kulala kwenye mteremko ili yazuie udongo. Najua inauma kuiacha kwa hiari lantana unayoiona mbele yako, lakini mwaka huu acheni ishikilie udongo.

Kuhusu sheria, nisisitize jambo ambalo vikundi vingi vya kujitolea hulisahau kwa sababu nia yao ni njema. Msitu uliotengwa na kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 unasimamiwa na halmashauri ya kijiji kupitia kamati yake ya maliasili, na kazi yenu inapaswa kuandikwa katika mpango wa usimamizi na mihtasari ya kamati hiyo. Ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo au ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ya maji, kwa hiyo hata kung'oa magugu hapo kufanyike kwa barua na kwa kumshirikisha afisa mazingira. Mkishavuka mpaka na kuingia Amani, huko ni kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Msing'oe hata mche mmoja bila makubaliano.

Ama mihesi, msiikate yote msimu huu. Mhesi ni mti unaopenda mwanga. Huota kwa wingi mahali msitu ulipofunguka, na ndiyo maana ulienea sana Usambara Mashariki baada ya magogo kuvunwa na baada ya kupandwa kwa makusudi katika miaka ya 1960 na 1970 ili kuziba mapengo yaliyoachwa na uvunaji. Ukiangusha mhesi mkubwa unafungua dirisha lingine la mwanga, na ndege aina ya hondohondo, ambao ndio wanaobeba mbegu zake, watalijaza dirisha hilo kwa mihesi 100 midogo. Ng'oeni miche na miti michanga inayoweza kung'oka kwa mikono, kila mwaka, na mikubwa iacheni isimame mpaka chini yake kuwe na miti ya asili yenye kimo cha mtu na zaidi, tayari kushika nafasi. Hapo ndipo mnaweza kumwomba bwana misitu awaonyeshe namna ya kuumenya gome kuzunguka shina, mti mmoja mmoja, ili ufe polepole ukiwa umesimama.

Mwana wa Kagera:

Naomba niulize kwa heshima, kwa maana nimeshtuka kidogo. Mhesi unaozungumzwa hapa ndio ule ambao jirani zetu Waganda wanauita musizi? Huku kwetu ng'ambo ya Ziwa Viktoria ni mti wa heshima: unapandwa kuipa kahawa kivuli, unatoa mbao na kuni, na hakuna anayeuogopa. Unawezaje mti wa Tanzania kuitwa mvamizi ndani ya Tanzania?

Bibi Misitu Mstaafu:

Swali lako ni la haki, mwanangu, na jibu lake ni kwamba miti haijui mipaka ya nchi, inajua hali ya hewa, udongo na majirani. Mti huo ndio huo huo. Asili yake ni kuanzia Afrika Magharibi hadi upande wenu wa ziwa, na huko umekuwa ukiishi pamoja na miti, wadudu na magonjwa yanayoupunguza tangu enzi na enzi. Milima ya Usambara, kwa upande wake, ni sehemu ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, ambayo misitu yake imetengana na misitu ya bara kwa muda mrefu kiasi kwamba imejaa mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, walileta miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu. Mingi ilibaki bustanini, na michache ikatoka nje. Mhesi nao uliletwa mwanzoni mwa karne hiyo ya 20, na ulipokutana na msitu uliojeruhiwa kwa shoka ulipata nafasi ambayo kwenu Kagera hauipati kirahisi.

Kwa hiyo mti wenu hauna kosa, na wala anayeupanda huko asiuache kwa ajili ya maneno yetu.

Msitu Jijini:

Salamu kutoka Nairobi. Nimejitolea kwenye misitu ya jiji hili kwa miaka kadhaa, na ningependa kuongeza jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha swali la katibu, ingawa linatofautiana kidogo na alivyoshauri Mama hapo juu.

Mnaanzia mahali pasipofaa. Vikundi karibu vyote huanzia kwenye kichaka kibaya kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoudhi macho na ndicho kinachopendeza kwenye picha baada ya kazi, kisha huishia kupigana vita vya kudumu mahali ambapo udongo umejaa mbegu za gugu na hakuna mti wa asili wa kujaza pengo. Huko Sydney, Australia, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walifanya kazi hii kwa mikono yao wenyewe kwa miaka mingi na wakafikia utaratibu ulio kinyume cha huo: anza mahali msitu ulipo mzima zaidi, ng'oa magugu machache yaliyopenya humo, vuruga udongo kidogo iwezekanavyo na urudishe majani makavu juu yake, kisha sogea kuelekea kwenye ubaya kwa kasi ile tu ambayo mimea ya asili inaweza kukufuata. Kwa utaratibu huo mbegu za msitu mzima ndizo zinazotangulia kuingia kwenye eneo ulilolisafisha, na mbegu za lantana zinakuwa ndizo zinazochelewa.

Kipimo changu siku hizi ni kimoja. Kabla ya kung'oa mahali popote najiuliza kama tutaweza kurudi hapo baada ya miezi mitatu, na tena baada ya miezi mitatu mingine, kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Kama jibu ni hapana, tunapaacha. Watu 17 wanaweza kusafisha ekari mbili, hilo mmelithibitisha mara tatu; lakini hawawezi kuzirudia ekari mbili hizo kila msimu huku wakiwa na mashamba yao ya kulima.

Niwasimulie pia kosa letu. Katika msitu mmoja mdogo tulioupenda sana, tuliwaalika vijana wengi kwa mara moja, tukawapa maelezo ya dakika kumi, na jioni tulipopita kukagua tukakuta kwenye lundo la lantana miche ya muhugu, ambayo ilikuwa imeota yenyewe chini ya vichaka na ambayo tungeweza kuisubiri miaka mingi bila kuipata tena. Nilishika mmoja mkononi, mzizi wake mwembamba ukiwa bado na udongo mbichi, na sikuwa na wa kumlaumu isipokuwa sisi viongozi. Tangu siku hiyo, wazee wawili wanaoijua miti hutangulia Ijumaa jioni na kufunga kitambaa chekundu kwenye kila mche wa asili, na siku ya kazi hakuna anayegusa chochote kilicho karibu na kitambaa. Kwa kijiji kama chenu, ambako nina hakika wako wazee wanaoujua kila mche kwa jina la Kisambaa, jambo hili litakuwa rahisi kuliko kwetu.

Kuhusu kukata tamaa, ninalo la kusema kwa sababu ninaishi karibu na Karura. Msitu ule wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, ulikaribia kugawiwa wajenzi miaka ya 1990, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo walipokwenda kupanda miti. Leo familia zinatembea humo mwishoni mwa juma. Lakini kati ya siku ile ya Januari na leo imepita kazi ndefu ambayo haikupigwa picha: Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliyoruhusu jumuiya za wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali, mikutano isiyokwisha, uzio, na watu waliokwenda kung'oa lantana ile ile kwa mara ya tano na ya sita. Wanaobaki kwenye vikundi vyetu, nilivyoona mimi, ni wale waliopewa kipande chao. Msiwapeleke watu wote mahali pamoja kila mara. Mpeni kila mmoja, au kila familia, sehemu ndogo yenye mipaka anayoweza kuizunguka kwa dakika chache, awe ndiye anayejua kilichoota hapo wiki hii na kilichokuwa hapo mwezi uliopita.

Mfugaji wa Baringo:

Mimi si mtaalamu wa misitu, ila ninaishi na gugu lililotushinda, kwa hiyo naomba mnisikilize kwa jambo moja tu.

Mti tunaouita mathenge uliletwa kwetu Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, ili tupate kuni na kivuli na kuzuia jangwa. Mbuzi walizipenda ganda zake tamu, meno yao yakaoza na kung'oka, na mbegu zikapita tumboni na kutoka zikiwa tayari kuota kila walikokwenda. Mwaka 2006 ndugu zetu Wailchamus walifika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Baadaye ikaja kauli ya kwamba tuligeuze gugu kuwa mali, tuchome makaa, nalo litapungua. Makaa yamewapa watu wengi karo ya shule na siwalaumu. Lakini mchoma makaa hukata shina nene na kuacha kisiki, kisiki hutoa mashina kumi mapya, na mwenye tanuri hana sababu ya kufukua udongo ili aue mti utakaompa makaa tena baada ya miaka michache.

Ninasema hivi kwa sababu siku moja atakuja mtu kwenye kikundi chenu na mpango wa kutengeneza viti au vikapu kwa fito za lantana, na kwa kuwa hamna fedha, mtashawishika. Kubalini kama mnataka, lakini andikeni katika makubaliano kwamba anayechukua fito anaondoka na kisiki chake.

Mkazi wa Bonde la Zigi:

Wakubwa zangu na ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kuyapeleka maneno yenu kwenye mkutano wa kikundi, na mkutano wenyewe haukuwa mwepesi.

Niliwasomea majibu yote kwa sauti. Nilipofika pale Msitu Jijini aliposema kwamba tulianzia mahali pasipofaa, palikuwa na ukimya, na mzee mmoja ambaye amefanya kazi kwenye ule mteremko kuliko sisi wote alisimama akasema kwamba miaka mitatu ya jasho lake haiwezi kuachwa irudi kuwa kichaka kwa ushauri wa mtu asiyekijua kijiji. Nilimwelewa. Tulizungumza mpaka giza likaingia, na tukakubaliana kwamba mteremko hatuuachi moja kwa moja, bali tutashika mkanda mmoja tu, ule wa juu kabisa unaopakana na msitu mzima, na yeye ndiye atakayeusimamia na kuchagua watu wake. Mikanda iliyobaki itasubiri mpaka huo wa kwanza uwe na miti.

Nguvu nyingine zote zitakwenda kwenye kijito. Siku iliyofuata nilikwenda na wazee watatu kukagua, kama mlivyotushauri, na nimeona kitu ambacho nilikuwa nakipita kila mwezi bila kukiona. Juu kidogo ya mahali tunapochotea maji kuna mwamba wenye kuvumwani, uoto mdogo unaofunika mawe yenye unyevu, unaodondosha maji mwaka mzima, na ubavuni mwake, kwenye nyufa, imeota dughulushi, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya ambayo wageni huyakuza madirishani Ulaya bila kujua kwamba yalitoka kwenye milima yetu. Nilihesabu mashina 30 na ushee, kisha nikaacha kuhesabu. Hatua tatu kutoka hapo klidemia tayari imeota, na moja imefika chini ya mwamba wenyewe, ikiinama juu ya maua kiasi kwamba nusu ya mwamba sasa iko gizani. Mwaka mwingine mmoja wa kufyeka lantana kule juu, na hapa tungekuwa tumechelewa.

Mihesi tumeafikiana: miche tunang'oa, mikubwa inasimama. Barua ya kuomba kufanya kazi ndani ya mita 60 imeshapelekwa kwa mtendaji wa kijiji, na kamati ya maliasili imeahidi kuijadili kwenye kikao cha wiki ijayo.

Kuhusu vitalu vya miche ya asili tutakayoipanda, tumeanza kukusanya mbegu za msambu, ingawa wanaouza mbegu hizo kwa ajili ya mafuta wanatuambia kwamba huweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi kabla ya kuota, kwa hiyo tutachanganya na mshai na miti mingine inayowahi. Mama Bibi Misitu, nimebakiwa na swali moja: klidemia tukiing'oa hapo kwenye maji, tuiweke wapi? Ina matunda sasa hivi, na hatutaki kuisubiri.

Bibi Misitu Mstaafu:

Umefanya vizuri kwenda kuangalia kabla ya kushika jembe, na Msitu Jijini amenishinda kwa haki kuhusu mahali pa kuanzia; mimi nilijibu kuhusu lantana kwa sababu ndiyo uliyoiuliza kwanza, na nikasahau kuuliza ni kipi kilicho hatarini zaidi.

Klidemia haichagui mwanga kama lantana, huingia hata ndani ya msitu uliofunga, na mbegu zake hukaa udongoni kwa miaka, kwa hiyo hapo kwenye mwamba mtarudi sana. Kwa bahati njema mizizi yake si mirefu na mvua ikinyesha hutoka kwa mkono. Ile iliyo chini ya dughulushi msiivute kwa nguvu, maana mnaweza kung'oa kuvumwani pamoja nayo. Shikilieni udongo kwa mkono mmoja na kuivuta taratibu kwa mwingine, na kazi hiyo apewe mtu mmoja au wawili wenye mikono mitulivu, wengine wakae mbali na mwamba.

Matunda yachumeni kwanza, yote, mbivu na mbichi, muyatie kwenye gunia zima lisilo na tundu, mlifunge mdomo na kulibeba mpaka mahali pakavu nje ya msitu, ambapo mtayachoma kwenye shimo wakati wa kiangazi. Mimea yenyewe ikishatolewa matunda inaweza kutundikwa kwenye matawi hapo hapo mpaka ikauke, ila isiguse ardhi wala maji. Waambieni na watoto, kwa upole, kwamba wanaoyala matunda hayo wayale pale pale yalipo na wasitembee nayo njiani. Na mkimaliza, kabla ya mtu yeyote kuvuka kijito kurudi nyumbani, kila mmoja akwangue tope lote kwenye buti na jembe lake upande ule ule mliokuwa mkifanya kazi.